Siku Kitakapotoka Kisanduku cha Nne

3 Mei

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Bibi anakula vizuri. Nyonga inamsumbua asubuhi, ulimi haumsumbui wakati wowote.

Salamu pia kwako wewe unayesoma barua hii kabla ya Baba. Shikamoo, maana nadhani wewe ni mkubwa kwangu. Baba alitueleza kwamba kila barua inapita mikononi mwako na kwamba una wino mweusi wa kufutia mambo yasiyotakiwa. Nitajitahidi nisikuongezee kazi.

Baba, leo ni miezi minne kamili tangu uingie katika hicho kiwanda. Watu wakiniuliza uko wapi, nasema uko kazini. Halafu wanauliza mbona simu yako haipatikani, nami inabidi nianze mwanzo: kwamba simu zenu zimefungiwa kabatini langoni, kwamba mnalala humohumo, na kwamba lango litafunguliwa siku Kisanduku cha Nne kitakapoanza kuuzwa madukani, ili siri isitangulie kutoka. Bibi bado anabisha. Anasema, "Yaani kijisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni watu waone sinema za intaneti, ndicho kimemfungia mwanangu?" Namwambia hakijamfungia, kimemwajiri. Ananiambia nimnyooshee mto.

Kwa hiyo nimekuwa mfuatiliaji mkubwa wa Kisanduku cha Nne. Kila nikitoka shule napitia kwa Fundi, pale chini. Meza yake imejaa televisheni zilizofunguliwa matumbo, na simu yake iko wazi muda wote kwenye kurasa za watu wanaobashiri. Yeye anakisubiri kwa sababu Cha Tatu kinamgomea kila mvua ikinyesha. Wateja wake wanakisubiri kwa sababu ya picha. Mimi nakisubiri kwa sababu ya lango. Nasikiliza tu, na kila tarehe inayotajwa naiandika kwenye jalada la nyuma la daftari la Hisabati. Mpaka sasa ziko sita. Iliyo karibu zaidi ni tarehe kumi na mbili Agosti.

Lifti bado ni mbovu. Bibi hajashuka ngazi tangu Jumamosi ile ya mwisho ulipombeba mgongoni ukamrudisha juu. Lakini kila Jumamosi saa nne asubuhi ananiamuru nimvalishe zile raba nyeupe. Anakaa nazo mlangoni mpaka saa sita, anasikiliza ngazi, kisha ananiambia nimvue. Nimemweleza kwamba hujamaliza kazi. Anasema anajua, ila miguu isije ikasahau.

Mwanao,
Karani

Bibi anasema niandike hivi bila kurekebisha: "Kula. Usijifanye huna njaa mbele za watu."

21 Mei

Karani wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, kikohozi kilikwisha wiki ya pili. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie nakula, na kwamba mbele za watu hawa hakuna wa kujifanyia, maana tunapigania mwiko.

Ya kazi siwezi kukueleza, hilo unalijua. Ya chumbani naweza. Tuko kumi na wawili, vitanda vya juu na chini. Vioo vya dirisha vimepakwa rangi nyeupe mpaka juu ya kichwa cha mtu, kwa hiyo ukitaka kuona nje lazima upande juu ya sanduku la nguo. Nje kuna ukuta na nusu ya mti. Tumewekeana zamu za kupanda. Yangu ni baada ya chai. Tuna kinyozi humu, mchana anafunga katoni, jioni anatunyoa kwa mashine aliyokuja nayo. Ana mtindo mmoja tu. Tunamwambia abadilishe, anasema, "Mnataka kupendeza kwa nani, kwa ukuta?"

Huyo uliyemsalimu tunamwita Wino. Hakuna aliyewahi kumwona. Kuna kidirisha ukutani, unasukuma bahasha, mkono unaipokea, basi. Salamu zako kwake hazikufutwa. Sijui kama huko ndiko kuitikia kwake.

Jambo moja ulijue mapema usije ukashtuka. Jirani yangu wa kitanda cha juu aliugua, wakamtoa. Anayetoka hapa hapelekwi kwake moja kwa moja. Anakaa kwanza siku kumi kwenye nyumba nyingine ya kampuni, bila simu wala barua, siri ipoe, ndipo anaachwa. Sasa barua ya mkewe ilifika akiwa keshaondoka. Ikarudishwa kwa mke ikiwa na muhuri: MPOKEAJI AMEONDOKA. Yule mama akadhani mumewe amefariki. Akaja mpaka langoni analia, wakapishana njiani, mume akafika nyumbani akakuta mlango una kufuli. Wewe ukiona muhuri huo, tulia. Maana yake niko njiani. Nikihamishiwa jengo jingine wanaandika AMEHAMISHWA, na hapo ndipo pa kulia.

Soma kwa bidii. Kinachochosha macho yangu

Baba yako

6 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo. Habari za tangu juzi? Nashukuru Mungu kusikia kikohozi kimepona. Sisi wazima. Shikamoo na wewe, Wino. Nimeambiwa jina lako, natumaini si kosa kulitumia.

Baba, barua yako ilipofika, baada ya maneno "kinachochosha macho yangu" palikuwa na mistari miwili mizima imepakwa wino. Niliiinua juani, sikuona kitu. Bibi akasema, "Hapo alikuwa ananisifia mimi, wakaona wivu."

Kwa Fundi ubashiri umepamba moto. Dereva wa lori la maji anasema Cha Nne hakitakuwa na rimoti, kitakutambua kwa uso. Mama mshona mapazia akamwambia, "Basi wewe hutakiwasha. Kitakuona kitajizima." Mwalimu mstaafu anayeleta redio yake ileile kila wiki anasema amesoma kwamba kitasikia Kiswahili, unakiambia tu unachotaka. Fundi akauliza, "Na wanaofokeana humo ndani, kitamtii nani?" Wakabishana hapo mpaka chai ikapoa. Halafu mwingine anasema kitakuwa cheupe, mwingine chembamba kama kitambulisho. Kila mmoja amesoma mahali. Mimi nikauliza tarehe tu. Fundi akaniangalia, akaniambia, "Mwenzetu wewe hutaki kujua kitafanya nini, unataka kujua kitakuja lini. Kama mgonjwa anayemsubiri daktari." Nikacheka.

Tarehe kumi na mbili Agosti sasa imetajwa na kurasa nne. Nimeizungushia duara.

Fundi amejitolea kumshusha Bibi. Ana kile kiti cha mbao na kamba anazotumia kushushia televisheni kubwa, na amesema na dereva wa lori washike pande mbili. Nilimpelekea Bibi habari hiyo kwa furaha. Akasema, "Mwambie mimi si televisheni." Nikamsihi. Nikamwambia ngazi ni sitini na nane, mimi peke yangu siwezi. Akasema mgongo anaouamini ni mmoja, aliulea mwenyewe tangu ukiwa mchanga, na hautaki kamba. Basi tumeacha.

Jumamosi iliyopita alikaa mlangoni na raba zake mpaka saa saba.

Mwanao,
Karani

27 Juni

Karani wangu,

Marahaba. Hamjambo wote? Mimi mzima. Mama asibembelezwe, namjua.

Leo sina mengi. Nataka unifanyie swali, kama insha, maana mwalimu wako anakusifu kwa hoja. Lisome taratibu.

Darasa la useremala limetengeneza viti. Mwalimu mkuu amesema hakuna kwenda likizo mpaka viti vyote vikaguliwe. Wanafunzi wamechoka, wengine wana wazazi wagonjwa. Mkaguzi wa mwisho ni mwanafunzi mmoja. Siku ya mwisho anagundua kwamba mguu mmoja wa kila kiti, mtu akikikalia kwa muda mfupi hauna neno, lakini akikikalia siku nyingi mfululizo bila kuinuka, utalegea, na anaweza kuumia. Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Wengi hawatakaa siku nyingi hivyo. Akinyamaza, darasa zima linakwenda nyumbani. Akisema, viti vyote vinafunguliwa upya, na lango linabaki limefungwa kwa muda asioujua.

Afanye nini? Nijibu haraka. Usimwonyeshe mtu kabla hujaandika la kwako.

Baba yako

8 Julai

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako tu, maana mwandiko wa barua yako ulikuwa umelala upande. Shikamoo, Wino.

Nimelifikiria swali lako siku mbili kabla ya kuandika. Jibu langu ni kwamba mwanafunzi huyo aseme.

Kwanza, kazi yake ni kukagua. Asiposema alichokiona, bora kazi hiyo angepewa mwenye macho mabovu. Pili, wanafunzi wataumia kwa kukosa likizo, lakini wanajua kwamba wanaumia na kwa nini. Yule atakayekaa kwenye kiti hajui lolote, naye anamwamini mtu asiyemfahamu. Tatu, mwanafunzi huyo atakwenda likizo, atakula, atacheza, lakini kila atakapomwona mtu amekaa atatazama miguu ya kiti. Kwa hiyo hiyo haitakuwa likizo.

Nilipokwisha kuandika nilimsomea Bibi swali. Aliuliza jambo moja tu: "Wanaokaa siku nyingi bila kuinuka ni akina nani?" Nikamwambia swali halisemi. Akasema, "Mimi je? Mimi si nakaa tangu Januari?" Kisha akasema niongeze sauti ya televisheni, tuache mambo ya viti.

Mwalimu wetu naye niliisoma insha yangu mbele yake. Amenipa alama ishirini na nane kati ya thelathini. Mbili amezikata kwa sababu hoja ya tatu anasema ni ya hisia.

Zimebaki siku thelathini na tano. Nimeosha raba za Bibi na kuzianika dirishani. Nimeanza pia kufikiria utakavyopanda ngazi. Nadhani tutakusikia kuanzia ghorofa ya pili, maana unavuta mguu wa kushoto.

Mwanao,
Karani

14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sitauliza habari vizuri.

Jana nilipita kwa Fundi. Nilikuwa nimebeba sukari na sabuni. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida na wote wamenuna. Fundi alikuwa anasoma kwa sauti kutoka kwenye simu: Kisanduku cha Nne hakitatoka mwezi huu, wala ujao, na kampuni haikutaja tarehe. Inasemekana mkaguzi mmoja, siku za mwisho kabisa, amegundua kwamba adapta yake ikiachwa kwenye umeme siku tisa mfululizo bila kuzimwa inapata moto kiasi cha kuyeyuka. Vyote vilivyokwisha kutengenezwa vinafunguliwa upya.

Dereva wa lori akasema, "Siku tisa? Nani anaacha televisheni inawaka siku tisa? Kuna mtu huko ana kiherehere." Mama mshona mapazia akasema mtu wa namna hiyo ndiye yule aliyekuwa akimkumbusha mwalimu kwamba hajakusanya madaftari. Wote wakacheka. Fundi pia akacheka.

Siku tisa bila kuinuka, Baba. Nilisimama pale mpaka mfuko wa sukari ukanichana vidole.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilidhani ni viti. Niliandika kwanza, pili, tatu, nikafurahia alama zangu, na kumbe nilikuwa nafunga lango kwa mkono wangu mwenyewe, wewe ukiwa ndani. Kwa nini hukuniambia ni lango gani? Najua kwa nini. Wino angefuta. Wino, wewe nadhani ulielewa kabla yangu. Ungeweza kuifuta barua yangu yote.

Nilipopanda juu Bibi alikuwa anatazama televisheni. Kwetu haizimwi, unajua, imewashwa tangu ulipoondoka, anasema inampa watu wa kuongea nao. Niliigusa ile adapta ya Cha Tatu nyuma ya kabati. Ilikuwa ya vuguvugu tu.

Sijamwambia. Nimemwambia umeongezewa kazi.

Karani

19 Septemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu tangu Agosti. Ile ya pili ilikuwa fupi, labda ilipotea. Hazijarudi, kwa hiyo najua bado uko humo.

Nilimwambia Bibi ukweli. Nilidhani atanikasirikia. Akaniuliza, "Alama mbili alikukata kwa nini?" Nikamweleza. Akasema mwalimu huyo hajui kusahihisha.

Lakini Jumamosi ya kabla ya iliyopita, saa nne, nilileta raba, akaniambia, "Viweke chini ya kitanda hivyo viatu." Nikamkumbusha habari ya miguu kusahau. Akasema imekwisha kusahau, tusiisumbue. Jumamosi iliyopita hakuomba chochote. Siku hizi hakai mlangoni. Amegeukia upande wa ukuta, na televisheni inaongea peke yake nyuma yake. Muuguzi wa zahanati alipanda kumwona, akasema mapigo ya moyo hayana tatizo, anahitaji jua na watu. Nikamwambia jua liko ngazi sitini na nane chini. Akaandika dawa ya hamu ya kula.

Wino, kama Baba amekatazwa kuandika, tafadhali acha hata bahasha tupu itufikie.

Mwanao,
Karani

30 Septemba

Karani wangu,

Marahaba, mara tatu, moja kwa kila barua. Mimi mzima. Zote zimenifikia kwa pamoja juzi, kwenye bahasha moja, hazikufutwa hata neno. Tulizuiwa barua wakati wanachunguza.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka uniambie anyamaze. Ndiyo ukweli. Nilisema mtoto huyu anataka baba yake arudi, atatafuta hoja ya kuninyamazisha, nami nitajificha nyuma ya hoja yake. Insha yako ilipofika nilikaa nayo mfukoni siku mbili, nina hasira na wewe na mwalimu wako. Halafu nikafika pale Mama alipouliza wanaokaa siku nyingi ni akina nani. Nikamwona amekaa, na ule waya nyuma ya kabati. Nikaenda kusema.

Kwa hiyo lango nililifunga mimi. Wewe ulikataa tu kunisaidia kulifungua kwa njia isiyo sawa.

Wenzangu hawakuipenda. Walikuwa wamefunga mizigo, Karani. Mmoja alikuwa anangojewa na mtoto ambaye hajamwona. Wiki sita hakuna aliyenipa zamu ya kupanda kwenye sanduku. Walinipa jina, Mtahini. Kinyozi akaacha kuninyoa, nywele zikafunika masikio, nikawa kama mtu aliyeokotwa. Wiki iliyopita akanijia na mashine, hana salamu, akaninyoa upande mmoja, akazima, akaenda kulala. Nilifanya kazi siku nzima hivyohivyo, wote wananicheka. Kesho yake akamalizia upande wa pili. Sasa tunaongea.

Lipo jambo jingine. Mkubwa wa hapa aliniita. Anasema macho kama yangu ni adimu, na kwamba Cha Nne kikitoka, wangependa nihamie jengo la pili moja kwa moja, kwa ajili ya Cha Tano. Miaka miwili, mshahara mara mbili. Anasema niandike ndiyo au hapana kabla ya mwisho wa Novemba. Nikiangalia mshahara huo naona lifti haina haja ya kutengenezwa, tungehamia nyumba ya chini kabisa, Mama akatoka mlangoni kwa miguu yake. Nikiangalia upande mwingine sioni kitu, naona rangi nyeupe tu.

Wewe unaonaje? Nipe hoja.

Baba yako

12 Novemba

Baba,

Shikamoo. Bibi ni mzima kiasi. Mimi ni mzima.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nilianza kuandika hoja. Kwanza, mshahara. Pili, nyumba ya chini. Ziko nzuri, ningepata alama zote. Nilipofika ya tatu nikaichana karatasi.

Safari hii usiniulize, Baba. Nilipojibu mara ya kwanza sikujua ninajibu nini, nawe ulijua. Sasa najua, na sitaki kuwa mwenye kusema ukae wala mwenye kusema utoke kwa sababu ya kanuni fulani. Mimi si mwalimu wako. Ni mtoto wako, nina miaka kumi na tano, namwogesha Bibi asubuhi kabla ya shule na kumgeuza mchana nikirudi, na kwa miezi kumi sijaenda mahali popote isipokuwa shule, dukani na kwa Fundi. Jana nilijikuta nimesimama kwenye ile lifti mbovu, nimefunga mlango, ili niwe mahali ambapo hakuna anayeniita. Palikuwa padogo na pana harufu ya kutu. Nilikaa humo nikahesabu mpaka mia mbili.

Kwa hiyo sina hoja. Naomba tu. Njoo nyumbani. Nyumba ya juu inatutosha.

Kwa Fundi ubashiri umeanza upya, sasa wanasema Desemba. Siandiki tena tarehe. Nilimwambia Fundi kwamba mwenye kiherehere ni baba yangu. Akaweka bisibisi chini. Kisha akaniuliza, "Siku tisa alizihesabu mwenyewe?" Nikasema nadhani. Tangu siku hiyo dereva wa lori akianza kulaani, Fundi anamwambia aende akaoshe lori.

Wino, barua hii usiifute hata kama ina makosa. Wewe ndiye unayejua habari zetu zote, kuliko hata majirani. Kama wewe pia umefungiwa humo, pole sana. Sikuwahi kufikiria kukuuliza.

Bibi amekataa kuongeza neno. Amesema niandike tu kwamba amelala, lakini hajalala, ananitazama.

Mwanao,
Karani

Nyuma ya bahasha hiyohiyo, kwa penseli

4 Desemba, Jumatano

Baba, hii sitaitia posta. Nitakupa mkononi.

Kisanduku cha Nne kilitoka Jumatano iliyopita. Fundi alikipata kimoja cha kwanza, akakichomeka kwenye televisheni kubwa ya dukani, watu wakajaa mpaka barabarani. Kina rimoti. Hakimtambui mtu kwa uso. Kiswahili hakijui hata "karibu". Ni cheusi, kama Cha Tatu, kimepungua kidogo pembeni. Mwalimu mstaafu alisema, "Sasa tulikuwa tunabishana nini mwaka mzima?" Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya adapta, na jana alikuwa bado anaigusa kila anapopita. Anasema ataiacha ikiwaka siku tisa, halafu siku tisa nyingine.

Alhamisi nilisubiri simu, ingawa nilijua habari ya zile siku kumi. Wiki nzima nilisubiri. Niliwaza jengo la pili.

Leo mchana barua yangu imerudi. Niliigeuza mgongo kwanza, sikutaka kuona muhuri. Ilikuwa imefunguliwa ikagundishwa tena kwa uangalifu. Ndani hakuna neno lililofutwa. Halafu nikaigeuza mbele.

MPOKEAJI AMEONDOKA.

Na chini ya muhuri kuna mwandiko, mdogo, wa mtu asiyezoea kuandika kwa kalamu ile. Wino ni uleule mweusi:

"Marahaba, Karani. Siku kumi zinaisha Jumamosi. Bibi avae viatu."

Nimemsomea Bibi mara moja tu. Aligeuka kutoka ukutani, polepole, kwa ile nyonga mbovu, akanyoosha mkono chini ya kitanda kutafuta mwenyewe.

Nikamwambia, "Bibi, leo ni Jumatano."

Akasema, "Najua. Vilete."